Mwili wa Livingstone: nani waliubeba hadi Bagamoyo, na kwa nini hawakuuacha njiani?

Swali: "Shikamoo, mwalimu. Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi wangu wamekutana na kisa kwamba Livingstone alipofariki, watumishi wake Chuma na Susi waliutoa moyo wake wakauzika hukohuko kwa sababu 'moyo wake ulikuwa wa Afrika', halafu wakaubeba mwili kwa miguu mpaka Bagamoyo. Wengine darasani wanasema hiyo ni hadithi ya wamisionari tu. Ukweli ni upi? Na waliobeba walipata nini?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Safari hiyo ilifanyika kweli. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, alifariki usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia. Mwili wake ulifika Bagamoyo Februari 1874, na tarehe 18 Aprili mwaka huohuo ukazikwa Westminster Abbey, London. Moyo nao ni kweli ulibaki Chitambo. Kilichotiwa chumvi ni sababu. Yale maneno ya "moyo wake ni wa Afrika" hayamo katika simulizi ya yeyote aliyekuwapo. Yamepachikwa baadaye na watu waliopenda kisa kiishe vizuri.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi kuliko hilo la moyo. Kisa husimuliwa kana kwamba ni watu wawili waaminifu waliombeba bwana wao begani. Msafara ule ulikuwa na watu wapatao 70, wakiwamo wanawake na watoto, na walichokifanya kilitokana na kikao. Walipima hatari, wakagawana kazi, wakabishana na wakubwa, wakadanganya palipobidi kudanganya. Waambie wanafunzi wako waanzie hapo.

Tunayajua haya kwa njia mbili hasa. Abdullah Susi na James Chuma walipelekwa Uingereza mwaka 1874 wakamhadithia Horace Waller, mhariri wa shajara za mwisho za Livingstone, naye akayaandika kwa kirefu. Na Jacob Wainwright, mmoja wa vijana waliokombolewa utumwani wakasomeshwa Nasik, India, aliandika shajara yake mwenyewe safarini.

Usiku wenyewe umesimuliwa kwa ukaribu wa ajabu. Livingstone alikuwa ameumwa tumbo na kutoka damu kwa majuma mengi, akawa habebeki ila kwa machela. Usiku ule zilisikika kelele za watu, akamuuliza Susi kama ni watu wao wanaopiga makelele. Susi akamjibu kwamba ni wenyeji wanafukuza nyati mashambani. Baadaye kidogo akauliza kama huo ndio mto Luapula. La, akaambiwa, tuko kijijini kwa Chitambo. Kisha akauliza kwa Kiswahili, na swali lake limechapwa kwa Kiswahili katika kitabu cha Kiingereza: "Siku ngapi kuenda Luapula?" Susi akajibu kwamba anadhani ni siku tatu. Kabla ya mapambazuko, Majwara, kijana aliyelala kibandani kumwangalia mgonjwa, akaenda kumwamsha Susi akisema anaogopa, hajui kama Bwana ni mzima. Wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso umelala juu ya viganja, mshumaa bado unawaka juu ya sanduku. Mashavu yalikuwa yameshapoa.

Kulipokucha walikaa kikao. Hapo wengine waliwaambia Chuma na Susi: ninyi ndio wakongwe wa safari na shida, kuweni wakubwa wetu. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa mwaka 1861 kutoka kwenye msafara wa watumwa karibu na mto Shire. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kwenye mto Zambezi. Hata kuvuka bahari ya Hindi mpaka Bombay walishavuka na Livingstone mwaka 1864, katika meli yake ndogo. Kazi ya kwanza ya kikao ilikuwa kufungua masanduku mbele ya watu wote, huku Jacob akiandika orodha ya kila kilichokuwamo, ili kesho asitokee wa kusema kitu kimeibiwa.

Halafu wakaamua mwili urudishwe pwani.

Kwa nini? Wamisionari walijibu kwa neno moja, uaminifu, na sina haja ya kuupinga. Lakini mtu aliyefanya kazi za safari Unguja miaka ile alikuwa na sababu nyingine ya kuogopa kurudi mikono mitupu. Mwaka 1866 watu kutoka kisiwa cha Nzuani, wakiongozwa na Musa, walimtoroka Livingstone karibu na ziwa Nyasa, wakafika Unguja wakiapa kwamba ameuawa na Mazitu, yaani wavamizi wa Kingoni. Uingereza ikatuma msafara mzima mwaka 1867 kuchunguza, na uongo ukafichuka. Sasa fikiria Susi anafika Unguja mwaka 1874 anasema Bwana amekufa, safari hii kweli. Nani angemwamini? Mwili wenyewe ndio uliokuwa ushahidi, pamoja na makaratasi, vyombo vyake vya kupimia na ile orodha ya Jacob. Hii ni tafsiri yangu, lakini inaeleza vizuri kwa nini waliihangaikia orodha kabla hata ya kuzika chochote.

Kwanza walikusudia kuficha kifo, wakihofia mtemi wa kijiji, Chitambo mwenyewe, angedai malipo makubwa kwa maiti kulala katika ardhi yake. Habari zikamfikia Chitambo siku hiyohiyo. Akamuuliza Chuma kwa nini hakumwambia ukweli. Akasema yeye naye amewahi kusafiri hadi pwani, zaidi ya mara moja, kabla Mazitu hawajaiharibu njia, na anajua kwamba kifo huwakuta wasafiri. Akashauri wamzike palepale, maana huko wanakotaka kwenda hawatafika. Walipokataa hakuwazuia. Alikuja na wake zake na watu wake, wenye pinde na mishale mikononi, pakafanyika maombolezo rasmi. Mwombolezaji wa kazi hiyo, njuga za mbegu miguuni, alicheza akiimba kwamba leo amekufa Mwingereza, mwenye nywele tofauti na zetu, njoni mumwone. Bunduki zikapigwa. Mtemi huyu angetajwa zaidi kuliko anavyotajwa, kwa sababu bila ruhusa yake pasingekuwa na safari yoyote.

Sasa moyo. Mwili haubebeki miezi katika joto bila kuukausha, na haukauki bila kutoa vilivyomo ndani. Kazi hiyo aliifanya Farijala, ambaye zamani alimtumikia daktari Unguja na kuona jinsi maiti zinavyopasuliwa. Alisaidiwa na Carus Farrar, mwingine wa vijana wa Nasik, wenzao wakishika blanketi kama pazia. Walikuta upande wa kushoto donge la damu lililoganda, kubwa kama kiganja cha mtu, na mapafu yamesinyaa. Moyo na viungo vingine vya ndani vikawekwa pamoja katika mkebe wa bati uliokuwa wa unga, ukazikwa chini ya mti, na Jacob akasoma sala ya maziko. Kwa hiyo hakuna aliyeuchagua moyo peke yake ili uashirie kitu. Ilikuwa kazi ya kuhifadhi maiti, na waliifanya kwa heshima.

Chumvi ya kujaza mwilini ilipatikana kwa mwenzao aitwaye Safene, aliyekuwa ameinunua njiani kwa biashara zake. Wakamlipa shanga, mitungo 16. Hata siku ya msiba, mali ya mtu ililipiwa. Waliongeza brandi kidogo mdomoni na kwenye nywele, wakauanika mwili juani siku 14 ndani ya ua usio na paa, wakiugeuza mara moja kila siku. Ulipokauka walikunja miguu magotini ili mzigo uwe mfupi, wakaufunga kwa nguo, wakaingiza ndani ya gamba la mti lililovuliwa zima kama bomba, wakashonea turubai la tanga juu yake, na kuufunga kwenye mti mmoja ambao watu wawili wangeubeba mabegani. Jacob akachonga shina la mti wa kaburi: jina la Livingstone, tarehe, na majina ya viongozi watatu wa msafara. Kipande hicho cha shina kilikatwa mwaka 1899, kikapelekwa London kwa Chama cha Kifalme cha Jiografia.

Njia yao ilipita magharibi ya Bangweulu, ikavuka Luapula, ikazunguka kusini mwa ziwa Tanganyika na kupanda hadi Unyanyembe, Tabora ya leo. Ni zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani. Mwanzoni tu ugonjwa uliwaangusha karibu wote, wakakaa mahali pamoja kama mwezi mzima. Na usiwafiche wanafunzi lililotokea katika mji wa Chawende: ubishi langoni, pombe ikiwa imeshapanda vichwani, uligeuka mapigano, wasafiri wakauteka mji, damu ikamwagika, wakala chakula cha wenyeji kwa siku kadhaa kabla ya kuendelea. Simulizi za waaminifu wapole hukiruka kipande hiki. Mimi nakiona cha lazima, kwa sababu wenye mji nao walikuwa na upande wao wa kisa, na hakuna aliyewauliza.

Walipokaribia Unyanyembe walisikia kwamba kuna Waingereza waliotumwa kumtafuta Livingstone. Jacob akaandika barua, Chuma akatangulia nayo, akaifikisha Oktoba 1873 kwa Luteni Verney Lovett Cameron. Cameron alikuwa hoi kwa homa. Aliposikia kwamba mwili unakuja, alishauri uzikwe hapo Unyanyembe, akihofia makabila ya njia ya mbele. Wapagazi wakakataa. Fikiria ofisa wa jeshi la majini la Malkia mbele ya watu ambao vitabu vingi vinawaita watumishi, anawapa ushauri, nao wanasema hapana. Akakubali. Ila alifungua masanduku na kuchukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya Livingstone avitumie kwa safari yake, jambo ambalo halikuwapendeza hata kidogo watu waliovilinda kwa orodha kutoka Chitambo.

(Mkuu wa msafara wa Cameron alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao mwingine, aliyeuzwa utotoni hadi India, akarudi akiwa huru, akawaongoza wapelelezi wa Kizungu, Speke hadi Nyanza (ziwa Victoria) na Stanley hadi Ujiji. Pengo katika meno yake ya mbele, kwa maelezo ya Stanley, lilitokana na ngumi ya Speke. Baada ya kuachana na akina Susi aliendelea na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki, walikofika Novemba 1875. Huyo anastahili swali lake peke yake.)

Mbele ya Unyanyembe, huko Kasekera, hofu ya Cameron ilitimia. Wenyeji walisema wazi kwamba maiti haipiti kwao. Hapa ndipo ulipofanyika ujanja ninaoupenda kuliko kisa kizima. Msafara ulitangaza kwamba sawa, maiti itarudishwa Unyanyembe ikazikwe. Usiku wakautoa mwili kwenye gamba la mti, wakalizika gamba porini, na kuufunga mwili upya ufanane na mtumba wa kawaida wa nguo. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayakata kwa urefu wa mtu, wakayaviringisha nguo kama maiti iliyo tayari kwa maziko. Wakakunja karatasi kama barua, wakaibana kwenye kijiti kilichopasuliwa, kama zilivyobebwa barua za siku zile, na watu sita waliochaguliwa kwa uangalifu wakaondoka na "maiti" na "barua" kurudi walikotoka, wenyeji wakiwaangalia. Giza lilipoingia wale sita wakatupa mabua vichakani, moja hapa, jingine kule, na nguo zilizoyafunga pia. Halafu kila mmoja akarudi kwa njia yake mpaka wakaupata msafara. Mwili ukaingia Bagamoyo ukiwa mtumba miongoni mwa mitumba.

Bagamoyo ulilala katika kanisa la misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu kabla ya kuchukuliwa na meli ya Kiingereza kwenda Unguja. London ilitaka uhakika, na daktari Sir William Fergusson aliupata katika mfupa wa juu wa mkono wa kushoto: ulivunjwa na simba huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, mwaka 1844, na haukuwahi kuunga vizuri. Yaani baada ya miezi tisa ya jua na mvua, kazi ya Farijala ilikuwa imeuhifadhi mwili vya kutosha kumtambua mwenyewe.

Walipata nini? Mishahara yao walilipwa. Kufika mazikoni ni habari nyingine. Aliyekwenda na mwili mpaka London ni Jacob Wainwright peke yake, kwa gharama ya Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana, na alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza Westminster Abbey. Chuma na Susi walifika baada ya maziko, kwa fedha za James Young, rafiki wa Livingstone. Huko walijenga mfano wa kile kibanda cha Chitambo na kumweleza Waller vitu ambavyo shajara isingeweza kuvieleza, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa ameshakufa. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilitengeneza medali za fedha 60, zimeandikwa maneno yenye maana ya "waaminifu hadi mwisho". Zilipofika Unguja mwaka 1875, wengi hawakupatikana: walikuwa wameshaondoka na Stanley Novemba 1874 kwa safari nyingine, maana mpagazi hakai mjini kusubiri medali.

Kuhusu hilo neno "waaminifu", mkumbushe mwanafunzi yeyote mwenye ubishi kwamba mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda Bangweulu kwa mara ya kwanza, Chuma na Susi walikataa kumfuata, wakabaki nyuma. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba hakuwalaumu sana moyoni: walikuwa wamechoka kutembea, naye pia amechoka. Baadaye walirudi kwake. Kwangu mimi hiyo inaongeza uzito wa uamuzi wa 1873, kwa sababu inaonyesha walijua kusema hapana, na waliisema walipotaka.

Chuma aliendelea na kazi. Mwaka 1879 aliongoza msafara ambao mkuu wake Mzungu, Keith Johnston, alifariki mapema. Akabaki na Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, wakafika naye Nyasa na Tanganyika na kurudi. Alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alikwenda na Stanley Kongo, akashiriki kujenga kituo kilichokuja kuwa Kinshasa, akabatizwa kwa jina la David mwaka 1886, akafariki Unguja 1891. Jacob alifariki Urambo mwaka 1892. Matthew Wellington, kijana mwingine wa Nasik, aliishi Mombasa hadi mwaka 1935, kwa hiyo kuna watu waliozaliwa wakati wa redio na magari walioweza kumsikia akisimulia kwa mdomo wake. Wanawake, kama Halima mpishi na Ntaoeka mke wa Chuma, walitembea njia ileile. Livingstone alimsifu Halima kwa maandishi na kuazimia kumnunulia nyumba na shamba Unguja, lakini akafa kabla.

Kwa darasa lako, wale wanaosema ni hadithi ya wamisionari wana haki ya kudai ushahidi, basi wapewe. Shajara ya Jacob imehifadhiwa Blantyre, Scotland, kwenye makumbusho ya alikozaliwa Livingstone, na tangu 2019 kurasa zake zinaonekana kwenye intaneti kwa mwandiko wake mwenyewe. Waisome sambamba na maelezo ya Susi na Chuma kwa Waller, waandike wapi zinakubaliana na wapi zinapishana. Kama shule iko karibu na Bagamoyo, mnara wa kanisa la misheni bado upo. Na kama mko upande wa Tabora, nendeni Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, kabla ya safari yake ya mwisho kuelekea Chitambo.